Usiniulize ua ambalo mbuzi hali, niambie unapanda mwezi gani

Jumamosi iliyopita mama mmoja wa Ipuli, hapa Tabora, alishuka kwenye bodaboda na kikapu. Ndani mlikuwa na miche mitano ya maua ya vinka niliyomuuzia Agosti, au tuseme mashina yake, maana majani yote yalikuwa yamegugunwa. "Baba, si wewe uliyeniambia mbuzi hawali haya?" Kweli nilimwambia. Kosa langu ni kwamba niliishia hapo, sikumwambia mengine. Na kwa kuwa tangu Julai nimeshajibu swali hilohilo la ua ambalo mbuzi hali kwa watu wengi hapa kitaluni, leo naandika.

Vinka ni chungu. Majani yake yana kemikali kali, zikiwemo vinkristini na vinblastini ambazo hospitali hutumia kutibu saratani. Mbuzi mwenye kitu kingine cha kula huyapita. Lakini Agosti hapa Tabora kitu kingine hakuna. Nyasi zimekauka au zimechomwa, mabua ya mahindi yamekwisha, na mbuzi waliofungwa kamba msimu mzima wa kilimo wamefunguliwa baada ya mavuno, wanazunguka mtaani watakavyo. Katika mtaa mzima, kijani pekee ni mche wako, unaoumwagilia asubuhi na jioni, wenye majani laini yaliyojaa maji. Hapo uchungu unasaidia nini?

Imani hii kwamba kikiwa kichungu mbuzi hagusi inanichosha kuliko zote. Tazameni mwarobaini. Sisi sote tumenyweshwa maji yake utotoni, tunaujua. Mbuzi anakula majani yake, hasa kiangazi. Na miiba je? Watu wananunua waridi na bogenvilia wakidhani miiba ni ulinzi. Mdomo wa mbuzi ni mwepesi kama vidole, anachomoa jani moja moja katikati ya miiba bila haraka. Haibiskasi ndiyo usiseme, hiyo ni karamu.

Yanayokataliwa kwa uhakika zaidi ni yale yenye utomvu unaounguza, sumu nzito au harufu kali sana. Hata hapo nasema "zaidi" kwa makusudi. Nina mteja ambaye mbuzi wake hawagusi mchaichai hata kidogo, na jirani yake, ukuta kwa ukuta, wake wanaukata kama nyasi. Mwana mbuzi hujifunza chakula kwa kumfuata mama yake: alichokula mama ndicho atakachokijaribu yeye. Kwa hiyo orodha yangu inategemea pia mbuzi wa mtaa wenu wamelelewa vipi, na hilo siwezi kukuuzia kwenye kiriba, yaani mfuko wa mche.

Sasa suala la majira, ambalo ndilo hasa lililomponza yule mama. Ushauri mwingi wa maua yasiyoliwa na wanyama unatoka kwa watu wa California na sehemu kama hizo, ambako msimu wa baridi si mkali na msumbufu wao ni kulungu wa kwao, yule mwenye pembe za matawi zinazoanguka kila mwaka. Wao husema: panda majira ya majani kupukutika. Mteja wangu anasoma hivyo, anatazama porini. Miti ya miyombo hupukutisha lini? Julai, Agosti. Basi anapanda Agosti! Mwingine anakuta majira hayo yamefasiriwa "vuli", anafikiria vuli ya Tanga au Dar es Salaam, wakati sisi hatuna vuli na masika. Tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba mpaka Aprili.

Angalieni sababu ya ushauri wao, achaneni na jina. California mvua huanza kwa kawaida Oktoba au Novemba, na kuanzia Mei mpaka Oktoba ni ukame. Wanapanda mvua zinapokaribia au zinapoanza ili mizizi ipate miezi mingi ya udongo wenye unyevu kabla ya kiangazi. Kalenda yao, kwa bahati, inakaribiana sana na yetu. Kupanda kwao "majani yakipukutika" ni kupanda kwetu mvua zikishika. Ukipanda Novemba, mche unapata karibu miezi sita ya kuteremsha mizizi na kukomaza majani. Tena katika miezi hiyohiyo mbuzi wako kambani kwa ajili ya mashamba, na hata akikatika kamba, nyasi zimejaa kila mahali. Atakapofunguliwa Juni au Julai atakuta kichaka chenye jani gumu na ladha yake kamili. Mche uleule, aina ileile, na safari hii anaunusa na kupita.

Ila msikimbilie mvua ya kwanza. Chimba, ingiza mkono. Kama unyevu haujafika urefu wa kiganja kizima, subiri.

Kuna tofauti moja na California ambayo watu hawaioni. Kule mvua huja na baridi, hivyo juu mmea haukui sana huku chini mizizi inafanya kazi. Kwetu mvua huja na joto, mmea unarefuka haraka na unakuwa laini. Ukiongeza mbolea ya urea au samadi nyingi unautengenezea mbuzi mboga. Nitrojeni nyingi hutoa majani teketeke, na wanyama huyatafuta hayo. Koleo moja la samadi iliyooza vizuri kwa shimo, basi. Na mche wa kitaluni ukomazwe kwanza: wiki mbili au tatu punguza maji, punguza kivuli. Hata wangu, ukinunua leo, fanya hivyo.

Matandazo ya kufunika udongo yananipa shida mimi mwenyewe. Kuna mwaka yameniokolea miche ilipokatika mvua Januari, kuna mwaka yamekaribisha mchwa wakamaliza mstari mzima. Siku hizi natandaza, lakini naacha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina. Kupaka majani kinyesi cha ng'ombe kilichokorogwa na maji hufukuza mbuzi, ila mvua ikinyesha unaanza upya.

Ninachopanda mwenyewe: mbono kaburi kwa uzio, kwa vipandikizi, hushika kirahisi. Mnyaa pia, lakini utomvu wake ukiingia machoni ni hatari kubwa, kwa hiyo nyumba yenye watoto wadogo siuzi. Shubiri. Vinka. Rozimari kwenye kichanga kisichotuamisha maji. Na lile ua jekundu la duara kama mpira linalojitokeza porini mvua zikianza: tunguu lake lina sumu na wanyama huliacha.

Oleanda, kichaka cha maua chenye sumu, naombwa kila wiki na bado nasita. Mbuzi huikataa ikiwa mbichi, ni kweli. Lakini majani yake yakikauka sumu haiishi, na mnyama huyala kwa urahisi zaidi. Ukipogoa ukatupa matawi njiani, umemuua mbuzi wa jirani. Anayeichukua kwangu lazima akubali kufukia kila anachokata.

Na mwaka wa kwanza, chochote ulichopanda, zungushia matawi ya miiba. Ndiyo, hata mbono.

Yule mama sikumpa miche mipya. Tulikwangua mashina kwa ukucha mmoja mmoja. Matatu yalikuwa kijani chini ya gome, upande wa chini karibu na mizizi. Nimeyakata juu kidogo ya hapo, nimeyapanda kwenye viriba na kuyaweka kivulini, na maji kidogo kila baada ya siku mbili. Yakichipua atayachukua Novemba, mvua zikishafika kiganja.