Mita sitini zinaanzia wapi?

Kazi yangu ni kukadiria hasara. Nyumba ikiungua au maji yakiingia dukani, kampuni ya bima hunituma nikaangalie kabla haijalipa. Naishi Mbeya mjini, lakini masika yakikolea huwa nateremka Kyela, na huko, "mugonile", salamu ya Kinyakyusa, ikishapita tu, wazee wa mwambao wa Ziwa Nyasa huniuliza swali lile lile: mita sitini zinaanzia wapi?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Siipingi sheria hiyo. Nimeshaona kuta zilizolala chini. Ila Ziwa Nyasa halina ukingo mmoja. Maji hupanda hadi mwezi wa nne au wa tano, kisha hushuka kuelekea mwisho wa mwaka, tofauti ya karibu mita moja kwa kimo. Penye miamba, chini ya Milima ya Livingstone, mita hiyo huioni. Kwenye tambarare la mchanga inameza ufukwe mzima. Aliyepima mwezi wa kumi na moja akajenga mita 80 kutoka majini, masika yanamkuta ndani ya katazo bila kusogeza tofali hata moja. Kampuni nayo inapata pa kukatalia. Wanachodai watu wa Kyela ni jiwe la mpaka, lililopimwa kwa maji ya masika, lionekane kabla mtu hajanunua saruji. Sioni dai hilo lina kosa gani.

Jambo la pili linaumiza zaidi na halizungumzwi. Wengi hukata bima kwa sababu benki imewalazimisha, na kiasi kinachokatiwa ni cha mkopo, si cha nyumba. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 40, bima ni ya milioni 10, na mafuriko yameharibu vitu vya milioni 8. Mwenye nyumba anatarajia milioni 8. Mikataba mingi ina kipengele cha uwiano: umekatia robo, unalipwa robo. Milioni 2. Nimewahi kumsomea mama mmoja hesabu hiyo akiwa amesimama kwenye tope, na hakuna aliyekuwa amemweleza siku ya kusaini. Tena hapo ni kama mafuriko yameandikwa kwenye mkataba. Bima ya moto peke yake mara nyingi haiyagusi.

Siku hizi inasifiwa bima ya mazao inayolipa kwa kipimo cha mvua, bila mtu kama mimi kwenda shambani. Kwa ukame ni nzuri. Kwa mpunga wa Kyela nina shaka, kwa kuwa maji yanayouzamisha hunyesha Rungwe, yakateremka na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mvua ya Kyela yenyewe inaweza kusomeka ya kawaida huku jaruba limegeuka bwawa. Kipimo cha haki hapa ni kimo cha mto.

Ukinyimwa fidia, dai barua yenye sababu, kisha uipeleke kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Na tafadhali, piga picha alama ya maji ukutani kabla hujadeki. Mara nyingi nafika nyumba inang'aa.