Menyu ya tovuti na ile hadithi ya saba

Watengeneza tovuti wengi hapa Mwanza watakwambia menyu, ile orodha ya viungo vya kurasa, isizidi vipengele saba, "utafiti umesema". Utafiti upo kweli, ila haukuhusu menyu. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kuhusu idadi ya vitu ambavyo mtu huweza kushika kichwani kwa muda mfupi: saba, pungufu au zaidi kwa viwili. Kushika kichwani! Menyu iko mbele ya macho. Unaipitia tu, kama mteja wa soko la Mwaloni Kirumba anavyopitia meza za samaki bila kukariri kitu.

Kinachochosha ni majina. Juzi nilifungua WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ya muuza samaki mmoja: vipengele vitano tu, na bei za dagaa zimezikwa ndani ya "Huduma Zetu". Tukakitoa hicho, tukaburuta mahali pake "Dagaa", "Sangara", "Bei za Leo" na "Usafirishaji". Vikawa vinane. Jamaa akashtuka akidhani ukurasa wa huduma umefutika. La, kutoa kipengele kwenye menyu hakufuti ukurasa.

Kwenye simu orodha hujikunja nyuma ya vistari vitatu, hivyo kipengele cha "Bei za Leo" tulikiweka juu kabisa.