Fedha, majani ya mwarobaini na bakteria wa chakula

Chembe nano za fedha ni vipande vya madini ya fedha, haya haya ambayo sonara hufulia pete na mikufu, ila ni vidogo mno: upana wa kila kimoja ni kati ya nanomita 1 na 100. Nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Bakteria aitwaye E. coli, ambaye hatumwoni kwa macho, ana urefu wa nanomita 1,000 hadi 2,000, kwa hivyo chembe moja inaweza kumkalia mgongoni na nafasi ikabaki tele. Zikiitwa chembe za mimea au za kijani, maana yake ni kuwa zimeundwa kwa maji ya majani, maganda au mizizi, pahala pa kemikali kali ambazo kwa kawaida hufanya kazi hiyo.

Kuna haja gani ya fedha kuwa ndogo hivyo? Mpishi yeyote wa Mombasa anajua kuwa nazi iliyokatwa vipande vikubwa na kutiwa maji haitoi tui mpaka ikunwe. Nazi ni ile ile na uzito ni ule ule, lakini ikishakunwa, sehemu inayogusana na maji huwa kubwa zaidi mara nyingi. Fedha nayo ikifika kiwango cha nano, atomu zinazokaa upande wa nje huongezeka sana, na za nje ndizo zinazofanya kazi. Kwamba fedha inaua vijidudu si habari mpya. Mwaka 1881 daktari wa Leipzig, Carl Credé, alieleza jinsi alivyowatia watoto wachanga matone ya nitrati ya fedha machoni ili wasipofuke kwa kisonono cha mama, na hadi leo hospitali hupaka krimu yenye fedha kwenye majeraha ya moto.

Utengenezaji wenyewe ni mwepesi kuliko jina lake. Majani ya mwarobaini, ambao hapa Pwani wengi huuita mkilifi, huoshwa, huchemshwa na kuchujwa. Maji yake humiminwa katika nitrati ya fedha iliyoyeyushwa, mara nyingi kiasi cha gramu 0.17 kwa lita moja. Baada ya muda, dakika au saa kadhaa, mchanganyiko uliokuwa na rangi hafifu hugeuka hudhurungi. Kilichotokea ni kwamba fedha iliyoyeyuka ilikuwa katika hali ya ioni, yaani kila atomu ilipungukiwa na elektroni moja. Polifenoli na flavonoidi, kemikali za asili zilizomo kwenye majani, huipa fedha elektroni hiyo, atomu zikatulia, zikakusanyika na kuwa chembe. Viungo vingine vya mmea huzifunika chembe hizo zisigandane na kuwa bonge. Mpera, mshubiri, mrehani na mlonge vyote vimetumika kwa njia hii. Rangi peke yake haitoshi kuwa ushahidi: maabara hupima pia mwanga unaofyonzwa, ambao urefu wa wimbi lake kwa chembe za fedha huwa karibu na nanomita 400 hadi 450, kisha huziangalia kwa hadubini ya elektroni.

Hapa pana ugumu ambao wengi huupita haraka. Jani la masika si jani la kiangazi, na mti wa Likoni si lazima uwe na viungo sawa na mti wa Voi. Majani yakibadilika, ukubwa na umbo la chembe hubadilika, na nguvu yake pia. Kabla ya kiwanda chochote kutegemea njia hii, ni lazima chembe za leo zifanane na za mwezi ujao, na hilo bado ni kazi kubwa.

Chembe ikimfikia bakteria humshambulia kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Hujibandika kwenye utando wake na kuutoboa. Hutoa ioni za fedha zinazong'ang'ania protini zenye salfa, na protini hizo zikiharibika bakteria hawezi kupumua wala kujilisha. Huchochea aina kali za oksijeni zinazounguza viungo vya ndani, hata DNA. Antibiotiki nyingi hupiga mahali pamoja tu, kwa hivyo badiliko dogo la bakteria hutosha kumwokoa. Fedha humbana pande zote. Ndiyo maana watafiti wameielekeza kwa Salmonella, E. coli, Listeria na Staphylococcus, vijidudu vinavyotuumiza kupitia chakula.

Hata hivyo, anayesema bakteria hawawezi kuizoea fedha anakosea. Mwaka 1975 iliripotiwa Salmonella iliyoshinda fedha katika wodi ya majeraha ya moto ya hospitali moja huko Boston, Marekani. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kuwa E. coli, akikutana na chembe nano mara kwa mara, hutoa flajelini, protini ya mkia wake wa kuogelea, na protini hiyo huzikusanya chembe mabonge mabonge hadi zikakosa nguvu. Jambo lililonifurahisha katika utafiti huo ni dawa yake: maji ya maganda ya komamanga yalizuia flajelini isitengenezwe, na fedha ikafanya kazi tena.

Turudi kwenye chakula chetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kuwa watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa chakula kichafu, na 420,000 hufa. Joto la Mombasa huwafaa sana vijidudu hawa. E. coli mmoja anayejigawa kila baada ya dakika 20 hufikia zaidi ya milioni mbili kwa saa saba, muda ambao wali wa mchana hukaa mezani hadi usiku. Hapo ndipo watu huuliza: basi kwa nini tusitie chembe hizi ndani ya chakula?

Kwanza, matokeo mengi yanayosifiwa hutoka kwenye sahani ya petri, kisahani cha maabara cha kuoteshea vijidudu, ambamo bakteria hana pa kujificha. Katika mchuzi wa pweza au samaki wa chumvi mambo hubadilika. Chumvi ina kloridi, na kloridi huikamata ioni ya fedha ikawa kitu kisichoyeyuka kirahisi. Protini za nyama na maziwa huifunga fedha kabla haijamfikia bakteria. Mafuta ya nazi humzingira bakteria. Kipimo kilichotosha maabara huenda kisitoshe kwenye sufuria.

Pili, na hili nalisema kwa uzito wote, jani halibadilishi fedha kuwa chakula. Kazi ya mwarobaini ni kuunda chembe. Kinachobaki mwisho ni metali. Wanaokunywa maji ya fedha, yaani maji yenye chembe ndogo za fedha, kwa muda mrefu ngozi yao huweza kugeuka rangi ya samawati ya kijivu, na rangi hiyo kwa kawaida haitoki tena. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua mwaka 1999 kwamba dawa zenye fedha ya aina hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala zenye kufaa. Chupa ya namna hiyo, hata ikiwa na picha ya jani, usimpe mtoto.

Tena kisiwa hiki kimezungukwa na maji. Kinachooshwa jikoni huishia Tudor au Kilindini, na fedha ni sumu kali kwa mwani, kamba wadogo na samaki wachanga hata ikiwa kidogo.

Kwa sababu hizo, matumizi yenye matumaini zaidi ni nje ya chakula: vifungashio, mbao za kukatia na nyuso za meza za kuparia samaki. Chembe huchanganywa kwenye utando mwembamba wa kitosani, kitu kinachotokana na maganda ya kamba na kaa, ili fedha ibaki kwenye utando huo na iwaue bakteria wanaoigusa. Jaribio la kuliangalia kwanza ni lile la kuuloweka utando huo katika maji yenye asidi ya siki, asilimia 3, na kupima fedha iliyotoka. Kwenye asidi fedha hutoka zaidi, kwa hivyo kifungashio kilichofaulu kwa mkate mkavu kinahitaji kupimwa upya kabla ya kufungia achari, juisi ya ukwaju au samaki aliyekamuliwa ndimu.