Pundamilia wa Jambiani walikula nini?

Pundamilia Unguja? Ndio, walikuwepo. Ndani ya pango la Kuumbi, kule upande wa Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wametoa mifupa yao pamoja na ya nyati, imelala kwenye tabaka za zama za barafu. Mie kazi yangu mimea ya kale, kwa hiyo kila nikipita uwanda ule, mawe na vichaka tu, nawaza: pundamilia bila majani mengi hakai, sasa majani yalitoka wapi?

Miaka kama 20,000 nyuma barafu ilijaa kaskazini ya dunia, bahari ikashuka karibu mita 120, na mkondo wetu na bara hauna kina hicho, basi ukakauka, mnyama anakuja Unguja kwa miguu yake. Pemba hapana, mkondo wake una kina cha mamia ya mita.

Lakini hewa nayo ilibadilika, na hapa ndo panaponisisimua. Kaboni dayoksaidi ilishuka mpaka chembe 190 hivi kwa milioni, leo imepita 420. Miti ikapata tabu, mvua nazo chache. Nyasi za joto zikashangilia! Hebu chukua jani la muhindi ulielekeze juani, utaona mishipa imebanana sana, kisha fanya hivyo kwa jani la mpunga, imeachana zaidi. Ule mshipa wa muhindi umezungukwa na seli nene ambazo kaboni dayoksaidi inasukumwa humo kama kwa pampu, kwa hiyo hata ikiwa chache hewani jani linashiba tu na maji halipotezi mengi. Mtama, muwa na ukoka wana ujanja huohuo, mpunga hauna.

Ujanja wenyewe wa zamani mno, nyasi hizi zilienea sana Afrika Mashariki ndani ya miaka milioni 10 iliyopita, na tunajua kwa meno: zinabakisha kaboni nzito zaidi kuliko miti, mnyama akizila inaingia jinoni, unakwangua unga kidogo unapima. Kipimo hichi nakipenda kuliko vyote.

Barafu ilipoyayuka bahari ikapanda, mvua zikazidi, vichaka vikafunga uwanda. Pundamilia wakatoweka. Mmoja wa waliobaki ni paa nunga, anayeokota maua na matunda chini ya miti.