Cheo hakikagui kiungo cha bomba

Kila ninapowafundisha maafisa wa jeshi usimamizi wa ubora, naanza na nyambizi ya Marekani, USS Thresher. Tarehe 10 Aprili 1963 ilizama Atlantiki ikiwa katika majaribio ya kina kirefu, na watu wote 129 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulieleza kuwa huenda kiungo cha bomba la maji ya bahari kiliachia. Kinachoniuma zaidi ni kilichotangulia: ilipokuwa gatini, baadhi ya viungo vilipimwa kwa mawimbi ya sauti, na kama asilimia 14 ya vilivyopimwa havikufikia kiwango. Vingine vingi havikuguswa. Nyambizi ikaondoka.

Mwaka huohuo Jeshi la Wanamaji la Marekani likaanzisha SUBSAFE, mpango wa usalama wa nyambizi. Chini yake, kazi haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka ushahidi uwe mezani: matokeo ya vipimo, hati ya chuma kilichotumika, sahihi ya fundi na ya mkaguzi. Neno tupu la admirali halitoshi. Tena, anayebeba ratiba na bajeti hawezi peke yake kupitisha kasoro. Wahandisi wana mamlaka yao, na wakaguzi wa usalama wana yao. Tangu hapo hakuna nyambizi yenye cheti cha SUBSAFE iliyopotea. Scorpion, nyambizi nyingine ya Marekani iliyozama 1968, haikuwa nacho.

Jeshini amri hushuka upesi, habari mbaya hupanda kwa kusitasita. Koplo aliyeona ufa anajua kamanda anangoja kusikia "tayari, afande". Ndiyo maana nikifika kikosini siombi kwanza mwongozo wa ubora. Huo karibu kila mahali upo, umejalidiwa vizuri. Naomba ripoti za kasoro za miezi mitatu. Nikiambiwa hakuna hata moja, hapo nakagua kwa makini zaidi. (Makamanda nao huhamishwa mara kwa mara, kwa hiyo utaratibu unaoishi kwa hamasa ya mtu mmoja huondoka na mizigo yake.)

Katika karakana moja ya magari, fundi kijana alisimamisha kazi kwa kuwa kifaa cha kupimia ukazaji wa nati kilikuwa kimepitwa na tarehe ya kuhakikiwa. Msafara ulichelewa. Kamanda alimwita mbele ya gwaride, wote wakidhani anaadhibiwa, akamshukuru. Wiki iliyofuata ripoti zikaanza kuletwa, nyingine za hitilafu ambazo mafundi walizijua kwa miaka.