Chuma Kinavyowajenga na Kuwadhuru Bakteria Wanaoondoa Nitrojeni Kwenye Majitaka

Nitrojeni nyingi iliyomo kwenye majitaka ya majumbani hutokana na mkojo, na hufika kwenye mtambo wa kusafisha majitaka ikiwa amonia. Ikifika mtoni huua samaki na kurutubisha mwani hadi maji yakaishiwa oksijeni. Wanaotuondolea mzigo huo ni bakteria, na hakuna hata kundi moja kati yao linaloweza kuifanya kazi hiyo bila madini ya chuma.

Kundi la kwanza hutumia oksijeni kugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. La pili, pasipo oksijeni, huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni, ile inayojaza asilimia 78 ya hewa tunayovuta. La tatu ni anamoksi, bakteria waliogunduliwa Uholanzi katika miaka ya 1990. Hawa huunganisha amonia na nitriti moja kwa moja wakatoa gesi hiyo hiyo, na umeme unaotumika kusukuma hewa hupungua sana. Mtambo mkubwa wa kwanza kuwatumia ulianza kazi Rotterdam mwaka 2002.

Anamoksi ndio wanaoonyesha wazi zaidi umuhimu wa chuma. Tope lao, yaani bakteria wenyewe walioshikamana, ni jekundu, na wekundu huo ni wa hemu, molekuli yenye atomi ya chuma katikati, ya ukoo mmoja na ile inayoipa damu yetu rangi. Ndani ya seli zao hutengenezwa haidrazini, kemikali kali inayotumika pia kama mafuta ya roketi, na vimeng'enya vinavyoiunda na kuivunja vimejaa hemu. Atomi ya chuma hupokea elektroni na kuipitisha mbele. Ikikosekana, kimeng'enya hakikamiliki. Kwa kuwa bakteria hawa mara nyingi huchukua siku 10 hadi 14 kuongezeka maradufu, upungufu mdogo tu unaweza kuurudisha mtambo nyuma kwa miezi.

Hapa ndipo vipimo vya maabara hupotosha. Chuma kinaweza kuonekana kingi kwenye karatasi ya majibu na bakteria wakawa na njaa. Penye oksijeni na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya wastani, chuma hugeuka kutu isiyoyeyuka. Penye salfaidi, kampaundi ya salfa, hunaswa na kuwa chembe nyeusi. Kwa hiyo pima chuma kilichoyeyuka kando na chuma chote. Majitaka ya majumbani kwa kawaida hayapungukiwi, ila ya baadhi ya viwanda huja na chuma kidogo mno, na huko kuongeza kiasi kidogo huleta nafuu. Katika majaribio ya maabara, miligramu chache kwa lita huwaongezea anamoksi kasi, lakini kiwango kikipanda mno kasi hiyo hushuka.

Hushuka kwa nini? Chuma kilichoyeyuka kikikutana na peroksidi ya haidrojeni ndani ya seli huzaa chembechembe kali zinazoharibu DNA na protini. Kutu nayo huganda juu ya punje za tope na kuzuia amonia kupenya ndani.

Mitambo mingi pia hutumia kloridi ya chuma kuondoa fosforasi. Dawa hiyo ni nzuri kwa kazi yake, lakini hushusha pH, na kundi la kwanza la bakteria nalo humaliza gramu 7 hivi za alkali (kinga ya maji dhidi ya kushuka kwa pH, ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti) kwa kila gramu moja ya nitrojeni wanayoibadilisha. Mambo hayo mawili yakikutana, pH huporomoka na bakteria hao huzubaa. Nawasihi waendeshaji wakague pH na alkali kabla ya kusema chuma kimewapa bakteria sumu. Waangalie pia fosfeti (fosforasi iliyoyeyuka majini) iliyobaki, maana ikinaswa yote na chuma bakteria hukosa kirutubisho hicho.

Wala chuma si tiba ya kila kitu. Hatua ya mwisho ya kundi la pili, ya kugeuza oksidi ya naitrasi kuwa nitrojeni, hutegemea shaba. Oksidi hiyo ya naitrasi hupasha joto dunia takriban mara 270 kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule, kwa hiyo si jambo la kupuuza.

Anayetaka kuongeza chuma aanze na chupa kadhaa za tope la mtambo wake mwenyewe, kila moja na kipimo chake na moja isiyoongezwa kitu, kisha afuatilie amonia, nitriti na pH. Nitriti ikianza kurundikana, asiongeze zaidi.