Daktari wa macho wa bima hapa Tabora: tunayoambizana na yaliyo kweli

Mama yangu alifundisha shule ya msingi Urambo mpaka akastaafu. Miaka miwili baadaye nilimkuta amepakata ungo, anachambua mchele kwa vidole. Macho yalikuwa yanatazama ukutani, kidole gumba kinapapasa punje moja moja kutafuta kijiwe. Nilipomuuliza kwa nini haendi hospitali alinijibu, "Mwanangu, bima iliisha nilipostaafu. Halafu daktari wa macho anayepokea bima yuko Mwanza."

Yote mawili hayakuwa kweli, na yalimgharimu miaka miwili ya kuona. Tangu hapo nimesikia maneno ya aina hiyo sokoni, msikitini, kwenye foleni ya kliniki, na kila nikiyasikia roho inaniuma. Ndiyo maana nayaandika haya.

La kustaafu ni fupi. Mtumishi aliyechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, mpaka akastaafu kisheria anaendelea kutibiwa, yeye na mwenzi wake, bila kukatwa senti nyingine. Miaka yote ya kazi alikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza 3. Ni haki yake aliyoilipia, wala si hisani ya mtu.

"Daktari wa macho wa bima yuko Mwanza au Dar tu"

Hapa ndipo wengi tunapopotea, na kosa linaanzia kwenye swali. Tunauliza, "Daktari gani anapokea bima?" Mfuko hauingii mkataba na daktari mmoja mmoja, unaingia na kituo: zahanati, hospitali, duka la dawa, duka la miwani. Daktari yuleyule anaweza kukuhudumia kwa kadi asubuhi katika hospitali ya serikali, na jioni ukimfuata kwenye kliniki isiyo na mkataba ukalipa taslimu. Hajakudhulumu, umebadilisha kituo. Kwa hiyo uliza mambo mawili: kituo hiki kina mkataba na Mfuko? Na huduma ya macho inatolewa siku zipi? Hilo la pili watu hulisahau. Kliniki ya macho mara nyingi ina siku zake, na mtu aliyetoka Kaliua au Sikonge akifika siku nyingine nauli yake imekwenda bure.

Mkoani kwetu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, ina kliniki ya macho. Uanzie huko kabla ya kufikiria basi la Mwanza. Lakini hata kabla ya Kitete kuna hospitali ya wilaya yako, na hapo nakuja kwenye dhana inayoumiza wagonjwa kuliko zote.

"Mwenye kadi ya NHIF hahitaji barua ya rufaa"

Anaihitaji. Kadi haifuti ngazi. Unaanza zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Wakishindwa wanakuandikia rufaa kwenda mkoani. Mkoa ukishindwa unakwenda hospitali ya kanda, na kwa watu wa Tabora na Kigoma hiyo kwa kawaida ni Bugando, iliyoko Mwanza. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliuza magunia mawili ya mahindi, akapanda basi kupitia Nzega na Shinyanga hadi hospitali kubwa ya mbali, kadi mfukoni. Dirisha la bima wakamwomba barua ya rufaa. Hakuwa nayo. Alilala siku mbili kwa ndugu, akarudi na jicho lake vilevile. Hakuna aliyemkosea pale dirishani. Kosa lilifanyika hapa nyumbani, kwetu sisi tuliomwambia kadi inatosha.

Dharura ni jambo jingine, haingoji karatasi. Nalisema hasa kwa wakulima wa tumbaku: dawa ya kupulizia ikikuruka jichoni, usianze kutafuta barua wala kadi. Osha jicho palepale kwa maji safi mengi, yatiririke robo saa au zaidi, kisha kimbilia hospitali iliyo karibu. Vivyo hivyo jicho lililochomwa na mti, lililoziba kuona ghafla, au lenye maumivu makali. Na mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe, hata kwenye picha ya simu tu, asingoje wiki. Inaweza kuwa saratani ya jicho.

"Bima ni bima"

La. Wengi vijijini walijiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyokuwa ya kaya ya watu wasiozidi sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Imewasaidia watu sana, ila iliwekwa kuishia ngazi ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukiipeleka hospitali ya kanda ulikuwa unalipa mwenyewe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na mpangilio unabadilika, kwa hiyo kabla ya safari yoyote ulizia ofisi ya Mfuko kadi yako inafika wapi leo, si ilifika wapi mwaka juzi.

Kwa sababu hiyohiyo usikiamini kibao cha "Tunapokea bima" peke yake. Niliwahi kuingia na mama kwenye duka moja la miwani lenye kibao kikubwa cha namna hiyo. Akapimwa, akachagua fremu, ndipo muuzaji akasema bima wanayopokea ni ya kampuni binafsi. Mikataba nayo huvunjika na kurudi: kitita kipya cha mafao kilipoanza Machi 1, 2024, hospitali kadhaa binafsi nchini zilisitisha kwa muda kupokea kadi za NHIF. Toa kadi mapokezi kabla hujakaa kwenye kiti cha kupimwa, waihakiki kwenye mfumo, wakuambie inalipia nini. Miwani imo kwenye mafao ya Mfuko, lakini ina masharti na kiwango. Ukipenda fremu ya bei ya juu, uliza tofauti analipa nani.

"Aliyenipima miwani ni daktari wa macho"

Huenda ni mtaalamu wa optometria. Huyo amesomea kupima uwezo wa kuona na kutoa miwani, na anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Optometria. Kazi yake ni muhimu mno. Upasuaji ni wa daktari wa macho. Mtaalamu mzuri akiona tatizo si la miwani atakuambia na kukuelekeza mbele. Anayekuuzia miwani ya tatu huku ukizidi kutoona, muache.

"Asali ya nyuki wadogo inasafisha mtoto wa jicho"

Sisi ni watu wa asali, najua neno hili litawaudhi baadhi ya wazee wangu, na nawaheshimu. Lakini mtoto wa jicho si utando ulio juu ya jicho. Ni lenzi ya ndani, nyuma ya mboni, iliyopoteza ung'avu. Asali haifiki huko, wala maziwa ya mama, wala majani. Zinachofanya ni kuwasha na wakati mwingine kuleta vidonda kwenye kioo cha jicho. Tiba ni upasuaji: ganzi, lenzi chafu inatolewa, ya bandia inawekwa, na wengi hurudi nyumbani siku ileile au kesho yake.

Wala si lazima kungoja "liive". Ushauri huo ni wa zamani. Sasa kinachotazamwa ni kama kutoona kunakuzuia kuishi maisha yako. Kinyume chake ni presha ya jicho: mara nyingi haiumi, inakula uwezo wa kuona taratibu kutoka pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua apimwe hata kama anaona vizuri.

Mama alifanyiwa upasuaji huo wa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza. Siku hiyo dirishani walimpa fomu ya Mfuko asaini, naye akaweka jina pale nilipomwekea kidole, kwa sababu hakuona. Nilikosea. Fomu ile inaorodhesha huduma ulizopewa, na Mfuko unailipa kwa saini yako. Haifai kusainiwa bila kusomwa, wala ikiwa tupu. Aliporudi kwa jicho la pili alinyang'anya fomu mkononi mwangu, akaisogeza dirishani penye mwanga, akaisoma mstari kwa mstari kama anasahihisha daftari. Akaweka kidole kwenye mstari wa miwani.

"Hii bado sijapewa," alimwambia karani. Karani akaangalia, akaomba radhi, akaufuta. Ndipo mama akaomba kalamu.